Tahadhari Katika Kubadilisha Sifa za Kurasa kwa Mkupuo

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa juu ya jambo linalogusa kazi za kila siku za maofisi yanayotumia lango la kompyuta. Lango ni mlango mmoja ambao mtumishi huingia kwa neno lake la siri na kukuta humo kazi zinazomhusu, na mwananchi naye hukuta humo yale aliyoruhusiwa kuyaona. Kila ukurasa, waraka na fomu iliyomo langoni ina sifa zake: jina la ofisi inayohusika, afisa mwenye dhamana, watu walioruhusiwa kuisoma, na tarehe ambayo itaacha kuonekana. Msomaji wa kawaida hazioni sifa hizo, lakini ndizo zinazoamua nani aone nini.

Wizara inapogawanywa au kuunganishwa na nyengine, au afisa anapohamishwa kutoka Unguja kwenda Pemba, sifa za mamia ya kurasa hulazimika kubadilishwa. Kuzibadilisha moja moja ni kazi ya siku nyingi. Kwa sababu hiyo programu za kusimamia malango huwa na njia ya kufanya mabadiliko kwa mkupuo: msimamizi hutafuta kurasa, huzichagua, huandika sifa mpya mara moja, na kazi humalizika kwa dakika chache. Kosa nalo huenea kwa dakika hizo hizo.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa kampuni ya Atlassian ya Australia, ambayo programu zake hutumiwa na maofisi mengi duniani kufuatilia kazi na kutunza nyaraka. Tarehe 5 Aprili, 2022, wataalamu wa kampuni hiyo walikusudia kuondoa programu moja ya zamani katika tovuti za baadhi ya wateja. Waliotakiwa kutoa orodha walitoa namba za tovuti zenyewe badala ya namba za programu iliyokusudiwa. Amri iliyotumika ilizikubali namba za aina zote mbili bila ya kutoa onyo lolote. Tovuti 883 za wateja 775 zilifutwa kwa muda usiofika nusu saa, na baadhi ya wateja walikaa hadi siku 14 bila ya huduma. Ifahamike kwamba kazi hiyo haikufanywa kiholela. Amri ilikuwa imejaribiwa kwanza kwa tovuti 30 na kufaulu, na ilipitiwa na mtu wa pili. Lakini jaribio lilitumia namba sahihi, na mpitiaji aliikagua amri, hakuikagua orodha.

Katika malango ya maofisi, makosa ya namna hii huanzia penye kutafuta. Msimamizi anayetafuta neno «Afya» ili abadilishe jina la Wizara atapata pia kurasa za afya ya mifugo, ambazo si za Wizara hiyo, na nyaraka za miaka iliyopita, ambazo zinapaswa kubaki na jina lililokuwepo siku zilipotiwa saini. Aidha, kioo cha kompyuta huonyesha sehemu tu ya matokeo, kwa mfano mistari 50, lakini katika baadhi ya programu kitufe cha kuchagua yote huchukua hata yale yasiyoonekana.

Jambo la pili ni urithi wa sifa. Ukurasa uliomo ndani ya jalada kwa kawaida hurithi ruhusa za jalada hilo, isipokuwa ule uliowekewa ruhusa zake maalum. Majalada ya nidhamu ya watumishi na ya maradhi yao ni ya aina hii ya pili. Msimamizi akiamuru kila kilichomo kifuate tena ruhusa za jalada kuu, ruhusa hizo maalum hufutika, na siri ya mtu huwa wazi kwa ofisi nzima. Vilevile nafasi iliyoachwa tupu katika fomu ya mkupuo haina maana moja: katika programu moja maana yake ni «usibadilishe», katika nyengine ni «futa kilichopo». Jambo hilo lijulikane kabla ya kazi kuanza.

Kwa hiyo inatakiwa kwanza itolewe orodha kamili ya kurasa zitakazoguswa, kila moja na namba yake ya utambulisho pamoja na sifa zake za sasa. Idadi yake ilinganishwe na daftari la ofisi. Ikiwa ofisi ina kurasa 140 na orodha ina 212, kazi isimame hadi sababu ijulikane. Orodha hiyo isomwe na mtu anayezijua kurasa zenyewe, hata kama si mtaalamu wa kompyuta, kwani karani wa masjala mara nyingi hugundua kosa ambalo fundi hakuliona. Tahadhari ichukuliwe pia orodha inapofunguliwa katika programu ya majedwali, ambayo huweza kuondoa sifuri ya mwanzo wa namba na kugeuza siku na mwezi katika tarehe.

Mabadiliko yafanywe kwanza katika nakala ya majaribio, kisha katika kurasa chache za lango lenyewe, kwa orodha ile ile itakayotumika mwisho. Baada ya hapo lango likaguliwe kwa kuingia kama mtumishi wa kawaida na kama mwananchi. Msimamizi huona kila kitu, hivyo kuridhika kwake hakuthibitishi chochote.

Orodha ya sifa za zamani ihifadhiwe mahali pengine, maana ndiyo njia nyepesi ya kurudi nyuma. Kurejesha nakala ya akiba ya mfumo mzima hufuta pia kazi halali iliyofanywa na wengine tangu nakala hiyo ilipochukuliwa. Atlassian walikuwa na nakala za akiba. Kilichowachelewesha ni kuwarejesha wateja walioathirika peke yao bila ya kuwagusa wengine.

Mwananchi ambaye ombi lake limetoweka langoni, au anayeona waraka usiomhusu, anaombwa asiufungue tena wala kuusambaza. Aandike jina la ukurasa, tarehe na saa aliyouona, na kuifahamisha ofisi iliyompokelea ombi lake. Saa ni muhimu, kwa kuwa kwayo msimamizi ataweza kutambua ni mabadiliko yepi yaliyosababisha hali hiyo.