Upasuaji wa uzazi: Anayeuhitaji haupati, asiyeuhitaji huuzwa

IDADI ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji humu nchini imekaribia kuongezeka maradufu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha walikuwa asilimia 9. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 17.

Tangu 1985, kiwango kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kuwa cha kufaa ni kati ya asilimia 10 na 15. Hivyo Kenya yaonekana kupitisha kiasi tu. Lakini wastani huficha mengi. Jijini Nairobi na katika familia zenye uwezo upasuaji umekithiri, ilhali katika kaunti kame za kaskazini ni wachache mno wanaoufikia.

Tofauti hiyo huanzia kliniki. Huko ndiko hutambuliwa mapema shinikizo la damu, kondo la nyuma lililoziba njia, au mtoto anayetanguliza makalio. WHO ilipendekeza mwaka 2016 kuwa mjamzito ahudhurie mara nane. Kufikia 2022, waliohudhuria angalau mara nne nchini walikuwa asilimia 66.

Mama maskini, ambaye nauli ya bodaboda ni chakula cha siku nzima, huenda akafika mara moja au mbili. Kasoro hugunduliwa uchungu ukiwa umeshika, tena katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Kichwa cha mtoto kikikwama kwa muda mrefu, hubana kibofu hadi kikatoboka, na huo ndio ugonjwa wa nasuri. Akipasuliwa, huwa ni kwa dharura, na hatari yake hushinda ya upasuaji uliopangwa.

Mwenye bima hupangiwa tarehe mapema, wakati mwingine pasipo sababu ya kitabibu. Fedha nazo zina usemi: kwa viwango vya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uzazi wa kawaida hulipiwa Sh10,000 na upasuaji Sh30,000. Si kwamba kila daktari husukumwa na malipo, ila mvuto huo haufichiki.

Na kisu hakikosi gharama ya baadaye. Mama mwenye kovu la uzazi, akishikwa na uchungu wa mimba inayofuata mbali na hospitali kubwa, kovu hilo laweza kupasuka kabla gari la wagonjwa halijafika.