Uvimbe wa Ubongo na Haki ya Masikini

Leo tumependa kuzungumza nanyi juu ya maradhi ambayo watu huyataja kwa sauti ya chini: uvimbe uotao ndani ya fuvu la kichwa. Wengi hudhani kwamba aliyepatikana nao amekwisha, na kwamba lililobaki ni kumsomea na kumngojea. Dhana hii si sahihi. Si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Uko uitwao meninjioma, uotao katika utando unaoufunika ubongo. Aghlabu hukua polepole kwa miaka mingi, na ukiondolewa wote mgonjwa huweza kurudi kazini kwake na kulea wanawe. Basi inakuwaje ugonjwa mmoja uwe na dawa kwa tajiri wa Ulaya, na uwe mauti kwa mkulima wa kwetu?

Jawabu limo katika hesabu. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la tiba la Lancet lilitangaza kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoiweza. Mwaka 2018 watafiti walikadiria kwamba kila mwaka wagonjwa zaidi ya milioni 5 wanaohitaji upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kwa uvimbe, ajali na maradhi mengine, hawaupati. Nao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mgonjwa wa nchi masikini hukwama mahali patatu. Pa kwanza ni nyumbani. Kichwa kinachouma zaidi asubuhi, kutapika pasipo ugonjwa wa tumbo, macho kupungua nuru, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, na kifafa kinachomzukia mtu mzima asiyekuwa nacho kabla: hizo ni dalili zinazompasa mtu kwenda hospitali upesi. Walakini sisi tusomeshao katika vyuo twayajua yanayopita. Mtoto asiyeona maandishi ya ubaoni huitwa mvivu. Mama aangukaye kifafa husemwa ana shetani, akazungushwa kwa waganga mwaka mzima, na huku uvimbe unakua. Kuomba dua ni ibada, wala hapana amkatazaye mtu. Lakini dua haikuwekwa ichukue nafasi ya tabibu. Msomeeni mgonjwa wenu, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali.

Pa pili ni njiani. Uvimbe huu hauonekani kwa macho. Wahitaji picha ya CT au MRI, na mashine hizo aghlabu zimo katika hospitali kubwa za mijini. Akaaye mbali huuza mbuzi au kipande cha shamba apate nauli na gharama za kulala mjini, na pengine fedha humwishia kabla hajaonana na daktari.

Pa tatu ni hospitalini penyewe. Mkono wa mpasuaji peke yake hautoshi. Lazima awepo mtaalamu wa dawa ya usingizi, damu iliyo tayari, chumba cha wagonjwa mahututi, na mtaalamu wa maabara wa kukichunguza kilichotolewa, ijulikane ni uvimbe wa namna gani. Wengine huhitaji mionzi baadaye, kama itolewayo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kikikosekana kimoja, juhudi ya vingine vyote yaweza kupotea bure.

Hatusemi haya ili kukatisha tamaa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, hupasua ubongo pamoja na mifupa. Mwaka 2002 kilifunguliwa Rabat, Moroko, kituo cha kuwafundisha madaktari wa Afrika fani hii. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, Dilan Ellegala, daktari kutoka Marekani aliyefika mwaka 2006, alimfundisha Emmanuel Mayegga, tabibu msaidizi, kupasua ubongo. Naye akamfundisha mwenziwe. Hapo pana funzo kubwa: mgeni apasuaye akaondoka huwafaa wagonjwa wa wiki ile, na afundishaye huwafaa wa miaka ijayo.

Mwezi wa Mei 2015 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba upasuaji wa lazima na dawa ya usingizi viwe sehemu ya huduma za afya kwa wote. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Haya ni mema, lakini kadi ya bima hainunui kisichokuwapo. Serikali hazina budi kutenga fedha za mashine za picha mikoani, za mafundi wa kuzitengeneza zikiharibika, na za kuwasomesha vijana upasuaji na utaalamu wa usingizi, kisha ziwape sababu ya kubaki nchini.

Wala mzigo huu si wa Serikali peke yake. Mwaka 1284 Sultani Qalawun wa Misri alianza kujenga Cairo hospitali ya wakfu, iliyowapokea tajiri na masikini, wanaume na wanawake, bila ya malipo. Misikiti twaijenga, alhamdulillahi. Je, mji mmoja hauwezi kuweka wakfu nyumba moja tu, kodi yake ikalipa nauli na picha ya mgonjwa asiye na kitu? Hiyo ni sadaka isiyokatika.

Nanyi wazazi, wasomesheni watoto wenu sayansi, wa kike na wa kiume. Nanyi vijana wenye afya, tangulieni kutoa damu kabla hamjaombwa. Huenda ikamfaa mtu msiyemjua, ambaye amelala akingojea zamu yake ya kupasuliwa.