Mwanao akiuliza: Kwa nini kaburi limewekwa bakuli?

Mzazi wa Magomeni aliyewahi kwenda na mtoto makaburini anayajua maswali yake. Kwa nini hili lina msalaba na lile lina mashahidi mawili tu, kichwani na miguuni? Kwa nini la yule limejengewa vigae na la huyu ni udongo mtupu? Wengi huyamaliza kwa neno moja: nyamaza. Lakini mtoto aliyenyamazishwa hubaki na hofu yake. Alama za makaburini ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo kuhusu kifo, kumbukumbu na ukoo.

Na mfano mzuri haupo mbali. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi katikati ya mibuyu. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, na kwenye nguzo hizo watu wa kale walipachika sahani na mabakuli ya kaure. Makaburi ya nguzo yapo pia Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa Bagamoyo, na kwa ndugu zetu wa Kenya kule Malindi, Mambrui na Gedi.

Alama zinasema nini?

Nguzo huonekana kwa mbali. Kujenga kaburi la matumbawe na chokaa kulihitaji mafundi na mali, hivyo aliyelala pale alikuwa mtu mwenye nafasi yake mjini. Wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo cha nguzo zenyewe, ila kwamba zilitangaza heshima ya ukoo ni jambo rahisi kulielewa.

Bakuli nalo lina habari yake. Kaure nyingi ilitoka China, ikavuka Bahari ya Hindi kwa biashara. Katika nyumba za mawe za Waswahili, kama zile za Lamu, vyombo hivyo vilipangwa kwenye vidaka vya ukutani ili mgeni avione. Kuviweka kaburini kulikuwa kama kumpambia marehemu nyumba yake ya mwisho.

Kisha kuna maandishi. Kaburi moja la Gedi lina mwaka wa Kiislamu 802, yaani 1399. Kwa tarehe hiyo moja, watafiti walipata pa kushikia katika kupima umri wa mji.

Warumi wa kale nao walikuwa na lugha yao ya makaburini. Mwenge ulioinamishwa chini ulimaanisha uhai uliozimika, na mashada ya maua na matunda yalichongwa kana kwamba jamaa wameyaleta leo. Mjini Roma bado limesimama kaburi la mwoka mikate Eurysaces, lenye umri wa miaka 2,000 na zaidi. Juu yake zimechongwa kazi zake: kukanda unga, kuoka, kupima mikate. Alitaka akumbukwe kwa jasho lake.

Mtoto anaweza kuuliza: mbona siku hizi makaburi mengi ya Waislamu hayana mapambo? Mwambie ukweli. Wanazuoni wengi hufundisha kuwa kaburi liwe la kawaida, kwa sababu mbele ya Mungu tajiri na maskini ni sawa. Kaburi lisilo na pambo nalo lina ujumbe wake.

Matundu yaliyobaki wazi

Ukitazama nguzo za kale utaona matundu ya mviringo yasiyo na kitu. Hapo palikuwa na bakuli. Mengine yamevunjika, mengine yameng'olewa na watu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya 1863, lakini sheria haiwezi kumshika mkono kila mtoto anayepanda nguzo au kuchokonoa ukuta. Hilo ni la mzazi.

Kutoka Magomeni, safari ya Kunduchi ni ya nusu siku: shika Barabara ya Bagamoyo hadi Mtongani, kisha uliza njia ya magofu. Kabla ya kuondoka, waambie watoto mambo matatu: hatukanyagi kaburi, hatugusi pambo, hatuokoti kipande hata kidogo. Wape daftari wachore wanachokiona.

Mkirudi, zungumzeni kuhusu makaburi ya kwenu. Babu amelala wapi? Bibi mzaa mama je? Familia nyingi za jiji zimezika ndugu zao mikoani, na kibao cha mbao huoza upesi kuliko jiwe. Andika majina, mwaka na mahali, mweke mtoto akusaidie. Mabakuli ya Kunduchi yaling'olewa kwa sababu ilifika siku hapakuwa na mtu wa kusema: huyu ni wetu.