SPESA ZA MAGURUDUMU: MAMBO YA KUZINGATIA KABLA YA KUZIFUNGA

Watumishi wa umma na wananchi wenye magari, hususan wa Wilaya za Mbulu na Hanang, wanafahamishwa kuwa jina "spesa" hutumika kwa vifaa viwili vilivyo mbalimbali. Kimoja huwekwa kwenye springi ili kuinua gari. Cha pili, kinachohusika na maelezo haya, ni kisahani cha chuma au aluminiamu kinachofungwa baina ya habu na ringi ili kusogeza gurudumu nje.

Spesa hii ya pili haiinui gari. Mwenye kutaka kuepuka mawe na matope ya njia za Dongobesh au Basotu hatafaidika nayo. Kazi yake ni kutoa nafasi pale tairi pana inapogusa vyuma vya ndani. Spesa ya mm 25 kila upande huongeza mm 50 baina ya magurudumu. Lakini pia huzidisha mzigo wa beringi, na tairi huweza kukwaruza madigadi gari ikipakia.

Mwenye haja nayo azingatie haya:

(a) Vipimo. Prado ina bolti 6 katika duara ya mm 139.7, RAV4 ina 5 katika duara ya mm 114.3. Spesa ilingane na gari, na tundu lake la kati lishike habu bila ya kucheza.

(b) Bolti. Ikiwa bolti ni ya mm 12 na meno yake yapo mm 1.5 kwa 1.5, nati izunguke si chini ya mara 8. Isipofika, itafutwe spesa yenye bolti zake yenyewe.

(c) Ufungaji. Zifungwe jozi kwa ekseli moja, wala zisipandanishwe. Kutu ya habu isuguliwe kwanza. Nati zikazwe kwa kukabiliana, kwa spana yenye kipimo, na zikaguliwe tena baada ya km 50 hadi 100. Spesa yenye bolti zake haikaguliwi ila kwa kuvua gurudumu.

Ikumbukwe kuwa barabara itokayo Mbulu huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Dareda. Gurudumu likichomoka katika mteremko ule, watakaodhurika si waliomo garini peke yao, bali na wapitao njia. Fundi asiyeweza kutaja vipimo vya gari husika asikabidhiwe kazi hii.