Niulize Bei ya Maharage

"Dokta, ninunue unga gani wa lishe?" Kwanza, mimi si daktari, ni afisa lishe. Pili, Jumatatu iliyopita nimeulizwa swali hilo mara tatu, na mara zote mwenye kununuliwa unga alikuwa amekaa pembeni na sare zake za shule, meno ya utoto yameshaanza kung'oka.

Mama wa mwisho alitoa pakiti kwenye mkoba. Picha ni ya kichanga anayetambaa. Wa kwake yuko darasa la pili. Nikasoma: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, dagaa, mlonge. Vitu 12. Bei yake, aliniambia, ndiyo iliyomwonyesha kwamba kula vizuri si kwa watu wa kipato chetu.

Haya, tuhesabu. Sita vya mwanzo ni nafaka tupu. Kuchanganya nafaka sita ni kuvaa mashati sita ukatoka bila suruali: zote zina upungufu uleule wa laisini, na nafaka haizibi pengo la nafaka mwenzake. Kinacholiziba ni jamii ya kunde. Bibi yako alikuwa akiliziba pengo hilo kwa mahindi na maharage kwenye sufuria moja, akayaita makande.

Soya imo, najua. Lakini soya isiyoiva sawasawa ina vizuizi vinavyokwamisha umeng'enyaji wa protini, na mashine ya mtaani husaga kinacholetwa, haiulizi kama kilikaangwa. Karanga zikishasagwa mafuta yake huchacha upesi. Zikiwa zimeota ukungu ni balaa zaidi, maana sumukuvu haitoki kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na huko ilikuwa kwenye mahindi. Punje mbovu utaichambua kwenye ungo. Kwenye unga utaichambuaje? Na dagaa wenyewe wametiwa ili watajwe tu.

Kisha vijiko vichache vya mseto huo vinakorogwa kwenye sufuria ya maji. Mtoto wa miaka minane anashiba maji, saa nne njaa inamrudia, anatoka getini kununua barafu na kashata. Hela hiyo ya kila siku hakuna anayeniuliza kuihusu, wala haiitwi ghali.

Sasa chukua bei ya pakiti ile uende nayo sokoni: maharage, dagaa, mafungu ya mchicha na matembele. Piga hesabu kwa bei za soko lako, usiniamini mimi. Pika makande jioni, yanayobaki yapashwe moto asubuhi. Dagaa waliwe na mifupa yao, kalisi imo humo. Mboga ikamuliwe ndimu, na chai ya rangi ikae mbali na chakula kwa kuwa inazuia madini chuma. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vichukue nafasi ya maandazi. Matunda ni ya msimu, tufaha la dukani halina ubora wowote unaolishinda pera. Dawa za minyoo zikija shuleni, asizikose.

Na kabla ya hayo yote, lipa mchango wa chakula cha mchana shuleni. Mama yule mwenye pakiti alikuwa anadaiwa miezi miwili.