Shogi la baiskeli: mzigo ukae ubavuni, mguu wa mtoto usalimike

Asubuhi za siku za skuli, barabara ya Wawi kwenda Chake Chake huwa na baiskeli nyingi, na nyingi kati yake zimepakiwa kwa namna moja. Baba yuko juu ya siti. Gunia la mihogo limefungwa kwa kamba ya mpira juu ya keria. Juu ya gunia amekaa mtoto wa skuli, mkoba mgongoni, mikono kiunoni mwa baba yake. Miguu inaning'inia, kandambili zimelegea, na spoku zinazunguka vidole vichache tu kutoka kisiginoni.

Siku nyingi hufika salama, na kwa hiyo mazoea yanaendelea. Lakini siku mguu ukiingia kwenye spoku, hapana nafasi ya kujirudi. Gurudumu hubana kisigino kwenye chuma cha fremu kabla baba hajawahi kushika breki. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwani miguu yao mifupi haina pa kukanyaga, na usingizi wa asubuhi huwafanya wasahau kuipanua.

Jeraha la spoku lina hila. Saa ya kwanza linaweza kuonekana kama mchubuko tu. Kumbe ngozi iliyobanwa huendelea kufa siku kadhaa baadaye, na mfupa unaweza kuwa umevunjika bila ya damu nyingi kutoka. Mzazi akikutwa na mkasa huo asiuvute mguu kwa nguvu. Asimamishe baiskeli, arudishe gurudumu nyuma taratibu au akate spoku, aoshe jeraha kwa maji safi, alifunike kwa kitambaa safi na ampeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani. Kupaka dawa nyumbani na kungoja kesho ni hatari.

Chanzo cha mambo haya mara nyingi ni mzigo. Keria ni moja, na gunia likishaikalia, mtoto hukalishwa pasipo pake. Dawa yake wazee waliijua zamani, ila waliitumia kwa punda.

Kutoka kwa punda hadi kwenye keria

Shogi ni mfuko mkubwa wa ukili unaotandikwa juu ya mgongo wa punda ukaning'inia pande mbili. Mzigo hukaa chini, ubavuni, na uzito hugawika. Mifuko ya ubavuni ya baiskeli ni fikra hiyo hiyo. Uholanzi, nchi ya baiskeli, watu huitumia kwa soko na skuli: mifuko miwili iliyounganishwa kwa utepe mpana unaolala juu ya keria.

Kwa Pemba faida yake ni kubwa zaidi, kwani kisiwa hiki ni cha vilima na mabonde. Mzigo uliopandishwa juu huyumbisha baiskeli kwenye mteremko, na kwenye mwinuko huifanya tairi ya mbele iwe nyepesi. Ukiteremshwa ubavuni, baiskeli hutulia.

Uchague lipi?

Pakacha la makuti na kikapu cha miyaa ni rahisi kupatikana na hupitisha hewa, kwa hiyo vinafaa kwa mboga, ndizi na madafu. Kasoro yake ni kwamba hulegea. Kikapu kikilowa hujaa tumbo na kugusa spoku. Anayekitumia akifunge kwenye fito mbili imara upande wa gurudumu.

Dumu la lita 20 lililokatwa ubavu mmoja ni sanduku zuri na la bei nafuu. Halipindi, huoshwa kwa maji, na linafaa kwa samaki na pweza. Kingo zilizokatwa zivishwe mpira wa hozi uliopasuliwa ili zisikate mkono, na chini yatobolewe matundu ya kutolea maji. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi.

Mfuko wa turubai ndio unaofaa kwa madaftari, unga, nguo na karafuu kavu. Mwaka 1982 Mjerumani Hartmut Ortlieb alianzisha kampuni ya mifuko ya baiskeli isiyopitisha maji, na kitambaa alichoanzia kilikuwa turubai la lori. Hapana cha ajabu ndani yake ambacho fundi wa maturubai hawezi kukishona. Siri iko mdomoni: mfuko hauna zipu, bali mdomo mrefu unaokunjwa mara tatu kisha ukafungwa kwa kishikizo. Zipu huvuja na huliwa na chumvi ya bahari. Mkunjo hauvuji, hata mvua za masika zikishuka njiani. Tena mifuko laini ya plastiki ya kufunikia vitu imepigwa marufuku Zanzibar, hivyo mfuko wenye mdomo wa kukunja huondoa haja yake.

Anayempelekea fundi kazi amwambie mambo manne: mshono uwe mara mbili, mgongo wa mfuko utiwe ubao mwembamba au plastiki ngumu, kitako kiwe na turubai la tabaka mbili, na upande wa nje ushonwe utepe unaong'aa kwa ajili ya safari za magharibi.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kwanza ni keria yenyewe. Keria nyingi za baiskeli za kisasa zimepigwa chapa ya uzito zinaoweza kubeba, na mara nyingi ni kilo 25. Dumu moja la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20, kwa hiyo madumu mawili yameshavuka mpaka. Keria za chuma kizito, zenye miguu inayoshuka hadi kwenye ekseli, hubeba zaidi, lakini nati zake zikazwe kila wiki.

Pili ni kisigino cha mwendeshaji. Mfuko ufungwe, kisha pedali izungushwe mzunguko mzima. Kisigino kikigonga mfuko, usogezwe nyuma au pembe yake ya mbele ikatwe kwa mshazari. Mtu anayegonga kila mzunguko hatafika Konde bila ya kuchoka au kuanguka.

Tatu ni kufungika. Ndoano za juu peke yake hazitoshi, kwani kwenye barabara za mashimo mfuko huruka na kuchomoka. Lazima chini pawe na mkanda au ndoano ya pili inayoushika kwenye mguu wa keria. Kila ncha ya mkanda iliyobaki ichomekwe ndani. Ncha ya kamba iliyoingia kwenye spoku husimamisha gurudumu ghafla.

Nne ni mizani. Pande mbili zilingane, na kizito kikae chini, karibu na ekseli. Kama mzigo ni mmoja tu, ugawanywe. Na mwendeshaji akumbuke kwamba baiskeli iliyobeba huchelewa kusimama. Breki ishikwe mapema, hasa penye mvua.

Tano ni wizi. Mfuko unaotoka kwa mkono mmoja ni raha kwa mwenyewe na kwa mwizi pia. Penye watu wengi, kama marikitini au bandarini Mkoani, mwenyewe ateremke na mfuko wake. Kama ni dumu, lifungwe kwa nati na waya kwenye keria, na vitu vya thamani visiachwe ndani.

Na mtoto akae wapi?

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wakishafunga mifuko, humkalisha mtoto juu ya keria kwa kuwa sasa iko wazi, na miguu yake hukosa mahali kabisa: huminywa kati ya mfuko na gurudumu, au hupanuliwa hadi mtoto akapoteza mizani.

Kanuni ya kushika ni moja: safari ya mtoto na safari ya mzigo mzito zitenganishwe. Mtoto apelekwe skuli kwanza, gunia lifuate baadaye. Siku ya mtoto, mifuko iteremshwe, na gurudumu lizibwe pande zote mbili kwa wavu mgumu au kipande cha plastiki kilichofungwa kwenye keria na madigadi. Fundi wa baiskeli atie vyuma viwili vya kukanyagia. Mtoto avae viatu vilivyofungwa, si kandambili, na mama anayepakiwa akusanye baibui na kanga yake mbali na gurudumu.

Kazi hii haimalizi hata asubuhi moja kwa fundi, na gharama yake ni turubai, nyuzi na nati chache. Mzazi anayeona ni usumbufu aiinamishe baiskeli yake leo, aizungushe tairi ya nyuma kwa mkono, kisha apime kwa vidole nafasi iliyopo kati ya spoku na pale mguu wa mwanawe unapofika.