Huzuni Isiyokwisha Baada ya Kujifungua ni Maradhi

Wananchi wa Namanyere na Wilaya nzima ya Nkasi wanakumbushwa kuwa mama aliyejifungua aghalabu hulia na kuhuzunika siku za mwanzo, na hali hiyo hutulia yenyewe katika wiki 2. Ikizidi hapo, akawa hataki kula, hapati usingizi hata mtoto alalapo, au hana hamu na mwanawe, huenda hiyo ni sonona. Si uvivu, si kiburi, wala si kurogwa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa, katika nchi zinazoendelea, maradhi ya akili, hasa sonona, huwapata takriban wajawazito 16 na waliojifungua 20 katika kila 100. Hivyo mjamzito naye amweleze mkunga huzuni yake, kama aelezavyo maumivu ya mwili.

Mume na jamaa ndio watanguliao kuona dalili. Wampunguzie mama kazi, wamsikilize bila ya kumlaumu, na wamfikishe kituo cha afya, kwani maradhi haya yanatibika kwa ushauri nasaha na, ikibidi, dawa. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.